Nairobi hadi New York: Kilomita 11,840, lakini Saa Ngapi?

Chukua tufe la dunia, lile la darasani, na kipande cha uzi. Shika ncha moja pale Nairobi, ivute ncha ya pili mpaka New York, kisha ukaze uzi mpaka usibaki na ulegevu wowote. Uzi utakavyolala ndivyo ilivyo njia fupi kuliko zote kati ya miji hiyo miwili, na urefu wake ni takriban kilomita 11,840.

Wengi hudhani uzi huo utapita juu ya misitu ya Kongo na kuikata Atlantiki moja kwa moja kuelekea magharibi, kwa kuwa ramani ya ukutani huwafanya waamini hivyo. Tufe linasema jingine. Uzi unatoka Nairobi ukielekea kaskazini-magharibi, unapita karibu na Mlima Elgon mpakani mwa Kenya na Uganda, unaivuka Sudan Kusini, unakata kona ya Darfur, unaingia Chad, kisha Niger, kisha jangwa la Sahara upande wa Algeria. Unapita Morocco si mbali na Marrakesh, na unaiona bahari kwa mara ya kwanza karibu na mji wa Safi. Hapo umeshamaliza zaidi ya kilomita 6,000. Kwa maneno mengine, anayekwenda New York kutoka Nairobi hutumia zaidi ya nusu ya safari yake akiwa bado juu ya Afrika. Nusu iliyobaki ni Atlantiki, ambako uzi unapita juu ya visiwa vya Azores, unapanda kaskazini kidogo kuliko New York yenyewe, halafu unateremka kuifikia.

Ninaanza na uzi kwa sababu swali la kwanza la kila anayepanga safari hii ni la kilomita, na la pili ni la saa. Tunadhani ukishapata jibu la kwanza, la pili ni hesabu ya kugawanya tu. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo ndiyo Kenya Airways huitumia katika safari hii, ikishatulia angani hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, utapata saa 13 na dakika chache. Lakini ratiba ya shirika hilo, tangu safari ya kwanza ya tarehe 28 Oktoba 2018, ilisema saa 15 kwenda na kama saa 14 na nusu kurudi. Saa mbili zimekwenda wapi? Na kwa nini kwenda kuwe kurefu kuliko kurudi, ilhali uzi ni ule ule?

Sehemu ya jibu ni ya kawaida. Saa za ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho yake mpaka inapoegeshwa kule iendako, kwa hiyo ndani yake mna kutambaa kuelekea barabara ya kurukia, kusubiri zamu, kupaa polepole kwa uzito wa mafuta, kuzunguka juu ya New York pakiwa na msongamano, na kutambaa tena. Tena ndege haifuati uzi kila siku. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, anga la nchi hiyo lilifungwa kwa ndege za abiria, na mashirika yaliyokuwa yakilitumia kati ya Afrika Mashariki na Ulaya yakalazimika kuzunguka. Kila kuzunguka ni dakika, na kila dakika ni mafuta.

Sehemu kubwa zaidi ya jibu ni upepo.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa karne nyingi hakuna nahodha wa jahazi aliyehesabu safari ya Muscat hadi Unguja kwa masafa. Aliihesabu kwa kaskazi na kusi. Kaskazi ndiyo iliyowaleta wafanyabiashara wa Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi ndiyo iliyowarudisha makwao. Aliyechelewa msimu alikaa Unguja au Mombasa miezi mizima, na bahari ilikuwa pana kwa kiasi kile kile. Juu angani, kimo cha kilomita kama 9 hadi 12, katika latitudo za New York na Ulaya, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na wakati wa baridi ya kaskazini huwa na nguvu zaidi. Kasi ya kilomita 160 kwa saa ni ya kawaida humo, na mara nyingine hupita kilomita 300. Ndege inayotoka Nairobi huikuta mikondo hiyo usoni, hasa katika nusu ya pili ya safari juu ya Atlantiki. Inayorudi huipata mgongoni.

Ukitaka kuona nguvu ya upepo huo, itazame njia ya London na New York. Mwezi Februari 2020, dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipokuwa ikivuma kuelekea Ulaya, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka New York na kutua London baada ya saa 4 na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Kasi yake ukiipima kwa ardhi iliyokuwa chini ilizidi kilomita 1,300 kwa saa, ingawa injini hazikufanya kazi ya ajabu. Hewa yenyewe ilikuwa inakimbia. Usiku ule ule, waliokuwa wakisafiri kwenda New York walikuwa wakipambana na hewa hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani Wakenya hawalisemi vya kutosha, nalo ni kwamba ugumu wa safari hii unaanzia nyumbani, kabla gurudumu halijaacha ardhi.

Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ilivyo Mombasa au Dar es Salaam. Bawa la ndege linabebwa na hewa, na injini inavuta hewa ili ichome mafuta. Hewa ikiwa nyepesi, vyote viwili vinapungukiwa. Ndege ile ile yenye mzigo ule ule inahitaji barabara ndefu zaidi na kasi kubwa zaidi ili ipae. Ndiyo maana barabara ya kurukia ya Nairobi ina urefu wa zaidi ya mita 4,100. Jua la mchana likiwaka, hewa hupanuka na kuwa nyepesi zaidi, na hali huwa mbaya zaidi.

Ndege ya kwenda New York ndiyo hasa ndege nzito. Kenya Airways ilipotangaza safari hiyo ilieleza kwamba kila upande ungehitaji tani 85 za mafuta, marubani wanne na wahudumu 12. Marubani wanne, kwa sababu sheria haziruhusu watu wawili kukaa usukani saa 15 mfululizo. Wawili huongoza na wengine hulala kwa zamu katika vitanda vidogo vilivyofichwa ndani ya ndege. Tani 85 ni zaidi ya theluthi ya uzito wote ambao Boeing 787-8 inaruhusiwa kupaa nao, ambao ni kama tani 228. Kwa hiyo wakati wa kuondoka kwenye ratiba ile ya kwanza, saa tano na dakika 25 usiku, una faida kubwa kwa ndege hii. Usiku Nairobi ina baridi, hewa inakuwa nzito kidogo, na ndege inaweza kubeba watu na mizigo zaidi. Abiria anayelalamika kwamba ndege inaondoka usiku wa manane hajui kwamba usiku huo ndio unaomwezesha kupata kiti.

Majirani zetu wa Addis Ababa wanaijua shida hii kuliko sisi. Uwanja wao wa Bole uko juu ya mita 2,300. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines zinazokwenda Washington zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, zikitumia viwanja kama Dublin huko Ireland. Zikirudi, zinatoka Washington zikiwa karibu na usawa wa bahari, upepo uko mgongoni, na zinafika Addis Ababa bila kusimama popote. Njia ni ile ile, lakini kwenda ni safari mbili na kurudi ni moja. Sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi kwamba masafa peke yake hayamwambii msafiri kitu.

Kuna saa nyingine ambazo hazionekani kwenye tiketi yoyote, nazo ni za makaratasi. Safari ya moja kwa moja kati ya Kenya na Marekani ingeweza kuanza mapema zaidi. Mwezi Juni 2009 Delta ilikuwa tayari kuanza kuja Nairobi kutoka Atlanta kwa kupitia Dakar, na safari ile ikafutwa dakika za mwisho baada ya mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani kukataa kutoa idhini. Ikabidi kusubiri. Agosti 2013 sehemu ya wageni wanaowasili katika uwanja wa Nairobi iliungua vibaya, majengo yakajengwa upya, abiria wanaofika wakatenganishwa na wanaoondoka, ukaguzi ukaimarishwa. Mwezi Februari 2017 mamlaka ya anga ya Marekani ikaipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, ambalo bila hilo hakuna shirika la nchi linaloruhusiwa kuanzisha safari zake za Marekani. Baada ya hapo ilichukua mwaka mmoja na miezi minane hivi mpaka Rais Uhuru Kenyatta akasimama uwanjani kuiaga ndege ya kwanza. Ndege zenye uwezo wa kufika zilikuwepo zamani. Kilichochukua muda mrefu ni ukaguzi, ujenzi na mihuri.

Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Pan Am iliwahi kuja Nairobi, kwa kusimama mji baada ya mji Afrika Magharibi. Na kabla ya hapo kuna safari ambayo kila Mwafrika Mashariki angefaa kuijua. Mwezi Septemba 1959 vijana 81 walipanda ndege ya kukodi Nairobi wakaenda New York kusoma. Tom Mboya ndiye aliyezunguka Marekani mapema mwaka huo akiomba nafasi vyuoni na fedha za nauli, na watu kama Harry Belafonte, Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson wakamsaidia kuchangisha. Vijana wale walifika siku mbili baadaye, wakiwa wametua na kupaa tena mara kadhaa njiani. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa fedha za kuendeleza mpango, na miongoni mwa waliosafiri 1960 alikuwamo msichana kutoka Nyeri, Wangari Muta, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004. Mpaka 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800, wakiwamo kutoka Uganda na Tanganyika. Wengi wao walirudi na kushika wizara, vyuo na hospitali za nchi zilizokuwa zimepata uhuru jana tu.

Nikifikiria siku zile mbili za mwaka 1959 na saa hizi 15, naona kwamba kilichobadilika zaidi ni uwezo wa kurudi. Kijana wa wakati ule alimuaga mama yake akijua kwamba huenda hatamwona kwa miaka minne au mitano. Leo anaweza kuja kwa arusi ya dada na kurudi kazini kabla wiki mbili hazijaisha.

Sasa turudi kwenye saa, maana hapa ndipo wasafiri wengi huumia. Katika ratiba ile ya mwanzo, ndege ilitoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku na kufika New York saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi. Mtu akiitazama haraka anaona saa saba, kwa kuwa anasahau tofauti ya saa za miji hiyo miwili. Nairobi iko saa nane mbele ya New York wakati wa baridi ya huko, na saa saba mbele wakati wa joto, kwa sababu Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi tulio kwenye ikweta hatuna haja ya kusogeza chochote, na ndiyo maana ndugu aliyekuwa akipiga simu saa mbili usiku kila Jumapili ghafla anaanza kupiga saa tatu.

Safari ya Desemba ina jambo lake la peke yake. Jua linazama Nairobi kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Ndege inaondoka usiku na kulifuata giza kuelekea magharibi, na New York wakati huo wa mwaka hakukuchi mpaka saa moja na robo hivi asubuhi. Msafiri anayelitazama jua likizama Nairobi hataliona tena mpaka zipite zaidi ya saa 20. Juu ya Chad ni usiku, juu ya Sahara ni usiku, juu ya Azores ni usiku. Anakula chakula cha usiku, analala, anaamka, anakula tena, na nje bado ni giza. Anaporudi mambo hugeuka: anaondoka mchana, jua linazama nyuma yake kwa kasi ya kushangaza, na usiku unakuwa mfupi usiotosha usingizi.

Mwili unaudai usingizi huo. Madaktari husema kwa makadirio kwamba mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila saa ya tofauti ili uzoee mahali pageni, na kwamba kwenda magharibi ni rahisi kuliko kurudi mashariki, kwa sababu saa ya ndani ya mwili wa binadamu ni ndefu kidogo kuliko saa 24 na hupenda kuchelewa kuliko kuwahi. Kwa hiyo anayerudi Nairobi kwa mazishi au kwa kikao cha ukoo asishangae akisinzia mbele za watu saa sita mchana. Hana dharau, mwili wake unajua kuwa ni alfajiri.

Kuhusu miguu, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2007 ulionyesha kwamba kukaa kitini bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ingawa hatari yenyewe kwa mtu mwenye afya ni ndogo, kama mmoja kati ya watu 6,000. Inuka, tembea, kunywa maji. Wazee na wajawazito wamwone daktari kabla ya kukata tiketi. Jambo moja jema: hewa ndani ya Boeing 787 huwekwa sawa na ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hivi, wakati ndege nyingi za zamani huiweka kama ya mita 2,400. Mita 1,800 si mbali na kimo cha Nairobi yenyewe. Mkazi wa Nairobi akiwa ndani ya ndege hii anavuta hewa ya kwao.

Si kila mtu anayekwenda New York anachukua ndege ya moja kwa moja, na wala si kila mtu anatoka Nairobi. Wengi hupitia Amsterdam, London, Doha au Dubai, kwa kuwa nauli huko mara nyingi ni nafuu. Ukilinganisha masafa utashangaa. Kupitia Amsterdam ni takriban kilomita 12,500, yaani umezidisha chini ya kilomita 700 tu, ambazo ndege huzimaliza ndani ya saa moja. Kupitia Doha ni kama kilomita 14,100, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki, ukijisogeza mbali na unakokwenda, kisha unageuka. Tofauti ya saa angani si kubwa sana. Ila tazama tiketi vizuri: saa 20, saa 24, saa 31. Saa hizo za ziada hazisafiriwi, zinakaliwa kwenye viti vya chuma vya uwanja wa watu.

Kwa kijana mwenye begi la mgongoni na simu yenye intaneti, kusubiri saa saba ni usumbufu mdogo, na akiokoa dola 300 amefanya vizuri. Ninayemfikiria mimi ni mama wa miaka 68 kutoka Arusha anayekwenda kumsaidia binti yake aliyejifungua huko New Jersey. Hajawahi kupanda ndege. Kiingereza chake ni cha salamu. Amebeba miwani miwili, dawa za presha, na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi. Binti amemkatia tiketi ya bei ya chini kuliko zote, yenye kubadilisha ndege mara mbili, na kwenye uwanja mmoja anatakiwa apande treni ya ndani, ashuke jengo jingine, asome ubao wa mbali wenye majina ya miji mia, na afike mlangoni ndani ya dakika 70. Mimi naona huo ni mtihani ambao hatupaswi kuwapa wazazi wetu kama kuna njia nyingine. Mama huyo akipanda basi dogo la Arusha hadi Nairobi kupitia Namanga, saa tano au sita, akaingia ndege moja na kushuka ndege moja, atakuwa amefika akiwa na nguvu za kumbeba mjukuu.

Na kuna jambo la mwisho ambalo tiketi haisemi waziwazi. New York ni mlango tu. Watu wetu wengi wako Texas, Minnesota, Maryland, Massachusetts, Georgia na jimbo la Washington. Anayeendelea mbele lazima, kwenye uwanja wa kwanza anaoingia Marekani, apite uhamiaji, achukue mabegi yake mwenyewe, ayapitishe forodha, kisha ayakabidhi upya kwa ndege inayofuata, hata kama Nairobi aliambiwa kuwa mizigo imeandikwa mpaka mwisho. Zaidi ya hapo, New York ina viwanja vitatu vikubwa. Ndege ya Kenya Airways inatua uwanja wenye herufi JFK. Tiketi ya kuendelea ikiwa na herufi LGA au EWR, maana yake ni kuvuka jiji kwa gari ukiwa na masanduku mawili ya kilo 23, na magari ya asubuhi ya New York hayana haraka kuliko ya Barabara ya Mombasa.

Basi, ndugu msomaji, unapomkatia mzazi tiketi, iache bei kwanza na ufanye hesabu tangu mlango wa nyumba anayotoka mpaka mlango wa nyumba anayofikia. Hesabu basi, hesabu saa tatu za kuwahi uwanjani, hesabu kila kusubiri, hesabu foleni ya uhamiaji, na ukiunganisha ndege mbele ya New York mwachie angalau saa nne za kupumua. Soma tarehe kwa makini, kwa sababu kwa ndege iliyoandikwa tarehe ya Jumamosi, dakika chache baada ya saa sita usiku, lazima mtu awe uwanjani Ijumaa jioni, na wengi wameikosa kwa kuifikia siku nzima baadaye. Omba mapema msaada wa kiti cha magurudumu. Hautozwi fedha, hauhitaji mtu awe mgonjwa, na mhudumu humsukuma mzee mpaka mlango wa ndege na kumpitisha kwenye ukaguzi na uhamiaji. Mwandikie kwenye karatasi, kwa Kiingereza na Kiswahili, jina lako, namba yako ya simu na anwani, aiweke pamoja na pasipoti. Halafu uwe umefika uwanjani kabla yake.